Bandari za Kukodishwa Enzi za Himaya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi, walimu wenzangu na wasomaji wengine wa Moshi na Arusha. Baada ya mjadala wa bandari uliotikisa nchi mwaka 2023, walitaka kujua kama jambo la kumkabidhi mgeni bandari lina historia, na kama lina historia, ni nani hapo zamani aliyekuwa na haki ya kutia saini. Mimi ni mwalimu wa historia na si mwanasheria, kwa hiyo nimejibu kwa kufuata mikataba na matukio yanayojulikana. Baadhi ya majibu ni marefu kuliko mengine kwa sababu mambo yenyewe yana kina zaidi.

Konsesheni ya bandari ilikuwa nini hasa?

Ilikuwa ruhusa ambayo mtawala aliitoa kwa kampuni, au kwa serikali nyingine, ya kujenga gati, kuendesha matishari ya kupakulia meli, kutoza ada, na mara nyingi kukusanya ushuru wa forodha kwa niaba ya mtawala huyo. Katika pwani yetu jambo hilo halikuanza na Wazungu. Masultani wa Zanzibar walikuwa na desturi ya kuikodisha forodha yao kwa wafanyabiashara wa Kihindi, ambao walilipa kiasi kilichokubaliwa kwa mwaka na kubaki na ziada. Kampuni za Ulaya zilipofika katika miaka ya 1880 ziliikuta desturi hiyo ikifanya kazi, zikaiomba kwa masharti mapya. Tofauti ni kwamba mfanyabiashara wa Kihindi alikusanya ushuru na kuishia hapo, ilhali kampuni ya Ulaya ilikuja na bendera, askari na balozi nyuma yake.

Himaya ilitofautianaje na koloni?

Kwa nadharia, nchi iliyo chini ya himaya ilibaki na mtawala wake na utu wake wa kidola, ikawa imekabidhi mambo ya nje, na wakati mwingine ulinzi, kwa dola kubwa. Zanzibar baada ya mwaka 1890, Tunisia baada ya mkataba wa Bardo wa 1881 na Moroko baada ya mkataba wa Fez wa 1912 zilikuwa za namna hiyo. Koloni, kwa upande wake, ilihesabiwa kuwa ardhi ya dola inayotawala.

Mtu asidanganywe na majina, hata hivyo. Wajerumani waliziita nchi zao zote za ng'ambo, pamoja na hii ya kwetu, kwa neno lao lenye maana ya eneo linalolindwa, ingawa walizitawala moja kwa moja kama koloni yoyote. Ndiyo maana, katika kila mgogoro wa bandari, swali la kwanza la wanadiplomasia halikuwa nchi inaitwaje, bali mkataba ulimwachia mtawala wa asili mamlaka kiasi gani. Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa ililisema hilo wazi mwaka 1923, katika maoni yake kuhusu amri za uraia za Tunisia na Moroko: kiwango cha madaraka ya dola inayolinda hutegemea mikataba iliyoanzisha himaya yenyewe.

Sisi tunaoishi chini ya Kilimanjaro na Meru, mbali na bahari, jambo hili linatuhusu nini?

Linatuhusu zaidi ya tunavyodhani, kwa sababu kahawa haifiki sokoni bila gati. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 mikononi mwa kampuni binafsi, ikaishiwa fedha, ikachukuliwa na serikali ya Kijerumani mwaka 1899, na ikafika Moshi mwaka 1911. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza walijenga kipande kutoka Voi kupitia Taveta, na kuanzia hapo mzigo wa Moshi ukawa na milango miwili ya bahari, Tanga na Mombasa, kila mmoja ukiwa na hadhi yake ya kisheria. Reli iliendelea hadi Arusha mwaka 1929. Mkulima wa Machame aliyeuza gunia lake kupitia chama cha ushirika hakuwa na haja ya kujua kwamba Mombasa ilikuwa ya Sultani kwa karatasi na ya Mwingereza kwa vitendo, lakini ada aliyokatwa ilipangwa ndani ya hali hiyo.

Isitoshe, swali la nani ana haki ya kutia saini lilifika hapa Moshi kabla ya reli. Mwaka 1885 Jenerali Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi la Sultani wa Zanzibar, alikuja Kilimanjaro kupata utii wa wamangi, yaani watawala wa Kichaga, kwa Sultani Barghash, na Mangi Rindi wa Moshi akaipokea bendera ya Sultani. Muda mfupi baadaye Karl Jühlke, wakala wa kampuni ya Kijerumani, alipata mkataba kutoka kwa mangi huyo huyo. Mimi simlaumu Rindi kama wafanyavyo baadhi ya waandishi. Alikuwa na wageni watatu wakigombea mlango wake, kwani Mwingereza Harry Johnston alikuwa amepita mwaka mmoja kabla, na alimpa kila mmoja kile alichodhani kingemtosha.

Ni mgogoro upi wa kwanza wa bandari katika pwani yetu uliofika kwa msuluhishi?

Ni ule wa Lamu, na kwangu ndio wenye mafunzo mengi kuliko yote ya karne ya 19. Tangu 1885 Ujerumani ilikuwa imempa ulinzi Sultani wa Witu, bara ya Lamu, na kampuni ya Kijerumani ya Witu ilihitaji mlango wa bahari. Lamu yenyewe ilikuwa imetambuliwa katika makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886 kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki nayo iliitaka forodha ya Lamu, na kila upande ulidai kwamba Barghash, aliyefariki Machi 1888, alikuwa amekwisha kuuahidi. Mrithi wake, Khalifa bin Said, alijikuta anadaiwa ahadi za marehemu na serikali mbili zenye manowari.

Serikali hizo zilikubaliana kumpelekea jambo hilo Baron Lambermont wa Ubelgiji. Tuzo yake, yaani uamuzi wa msuluhishi, ya tarehe 17 Agosti 1889 ilichambua barua na mazungumzo yaliyotajwa, ikaona kwamba hakuna upande uliothibitisha ahadi iliyomfunga Sultani. Kwa kuwa Sultani alikuwa huru, makubaliano aliyotaka kuyafanya na kampuni ya Kiingereza yangeweza kutiwa saini bila mtu mwingine kuwa na haki ya kuyapinga. Mwezi huo huo kampuni hiyo ikapata Lamu.

Tuangalie vizuri kilichotokea. Kwa sura ya nje Sultani alishinda, kwa maana msuluhishi alitamka kwamba ahadi ya mdomo isiyo na masharti yanayojulikana haimfungi mwenye nchi. Lakini Sultani hakuwa mmoja wa waliokubaliana kwenda kwa msuluhishi. Waliogombana walikuwa Berlin na London, wakitumia uhuru wake kama hoja ya kisheria, na mwaka uliofuata, katika mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, Ujerumani iliiachia Uingereza hata Witu yenyewe kama sehemu ya mabadilishano yaliyohusisha kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Hakuna mtu wa Lamu wala wa Witu aliyeulizwa.

Na pwani ya Tanganyika, Wajerumani waliipataje?

Kwa kukodisha kwanza. Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa aliikodisha Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala wa pwani na ushuru wa bandari zake, kutoka mto Umba hadi Ruvuma, kwa miaka 50. Mkataba ulitaka kampuni iendeshe mambo kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Agosti 1888 maofisa wa kampuni walipofika Pangani na Bagamoyo walipandisha pia bendera ya kampuni na kuwapuuza maliwali, yaani wawakilishi wa Sultani, na moto ukawaka. Upinzani ulioongozwa na Abushiri bin Salim huko Pangani, na Bwana Heri huko Saadani, kwa kiasi kikubwa ulikuwa ugomvi kuhusu tafsiri ya mkataba wa bandari: watu wa pwani walimfahamu Sultani, na hawakuwa wameambiwa kwamba mpangaji wake amekuwa mwenye nyumba.

Kampuni ilishindwa, serikali ya Bismarck ikamtuma Hermann Wissmann na jeshi, na Abushiri akanyongwa Desemba 1889. Mwaka 1890 Sultani alilipwa marki milioni 4 na kuiachia Ujerumani pwani hiyo moja kwa moja. Ukodishaji wa miaka 50 ulidumu miaka miwili hivi.

Je, mtawala wa nchi ya himaya aliweza kukataa kutoa bandari?

Kwenye karatasi, ndiyo. Katika hali halisi alikataa pale tu ambapo dola moja ilimuunga mkono dhidi ya nyingine.

Kwa nini Moroko hutajwa sana katika suala hili?

Kwa sababu huko kazi za bandari zilikuwa kiini cha ugomvi wa dola za Ulaya kwa karibu miaka 20. Mwaka 1904 Moroko ilikopa faranga milioni 62.5 kutoka benki za Ufaransa na kuweka rehani asilimia 60 ya mapato ya forodha ya bandari zake. Machi 1905 Kaisari Wilhelm II alitua Tangier akatangaza kwamba anamtambua Sultani kuwa mtawala huru. Mkutano wa Algeciras, uliofanyika Januari hadi Aprili 1906, ulijaribu kuutuliza ugomvi kwa kanuni ya usawa wa kiuchumi: kazi kubwa za umma, bandari zikiwemo, zitolewe kwa zabuni zilizo wazi kwa watu wa mataifa yote bila upendeleo.

Kanuni hiyo ilikuwa nzuri kwa wenye kampuni. Kwa mwenyeji haikubadilisha kitu. Huko Casablanca, kampuni ya Kifaransa iliyokuwa ikijenga bandari iliweka reli ndogo ya kubebea mawe, ikapita karibu na makaburi ya Waislamu, huku wakaguzi wa Kifaransa wakiwa wamekaa forodhani kukata fungu la mkopo. Tarehe 30 Julai 1907 wafanyakazi 9 wa Kizungu waliuawa, na siku chache baadaye manowari za Ufaransa ziliupiga mji kwa mizinga. Ukisoma habari za wakati huo utaona zinaongea sana kuhusu mauaji na kidogo kuhusu makaburi. Mtu yeyote wa Uchagani anayejua maana ya kaburi ndani ya kihamba, yaani shamba la ukoo, hahitaji kuelezwa kwa nini watu walikasirika.

Novemba 1911 Ujerumani ilikubali Ufaransa iwe na himaya juu ya Moroko, ikalipwa kwa ardhi ya Kongo ya Kifaransa, na Ufaransa ikaahidi tena kwamba zabuni zingebaki wazi.

Tangier ilikuwa na tatizo gani la pekee?

Tangier ilitengwa. Mikataba ya 1912 iliyoigawa Moroko kati ya Ufaransa na Hispania iliupa mji huo hadhi maalumu ambayo haikukamilishwa kabla ya vita. Mwaka 1921 serikali ya Sultani, ikiwa chini ya himaya ya Ufaransa, ilitoa konsesheni ya kujenga bandari ya Tangier kwa kampuni ambayo Wafaransa walikuwa na nguvu kubwa ndani yake. Uingereza ilipinga. Hoja yake haikuwa kwamba Sultani si mwenye nchi. Ilikuwa kwamba sahihi yake, wakati mambo yake ya nje yakiendeshwa na Mfaransa, haiwezi kuhesabiwa kuwa uamuzi wake huru kuhusu mji ambao mataifa mengine yana maslahi ndani yake. Ufaransa ikajibu kwamba Sultani ni Sultani, na bandari ni yake.

Kinachochekesha kidogo ni kwamba miaka 32 kabla ya hapo, katika suala la Lamu, Uingereza ndiyo iliyonufaika na hoja kwamba Sultani yuko huru kumpa bandari amtakaye. Mkataba wa Paris wa Desemba 1923 uliuweka mji chini ya utawala wa kimataifa na suala la bandari likapatiwa utaratibu ndani yake.

Je, kuna mahakama iliyowahi kusema kama nchi ya himaya ilibaki kuwa dola?

Ndiyo. Tarehe 27 Agosti 1952 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika kesi ya haki za raia wa Marekani nchini Moroko, ilieleza kwamba Moroko, hata chini ya himaya ya Ufaransa, haikupoteza hadhi yake ya kuwa dola katika sheria ya kimataifa. Kwa msingi huo ahadi za Algeciras za usawa wa kiuchumi zilikuwa bado hai, na amri ya 1948 ya kudhibiti uagizaji wa bidhaa, iliyoipendelea Ufaransa, haikupatana nazo. Kesi hiyo haikuhusu gati, bali uagizaji wa bidhaa, lakini wanasheria waliobishana kuhusu bandari waliitumia kwa sababu ilithibitisha kwamba himaya haifuti mikataba iliyotangulia.

Nini kilitokea pale ambapo nchi ya himaya haikuwa na bahari?

Mfano ni Chinde, kwenye delta ya mto Zambezi. Chini ya mkataba wa Uingereza na Ureno wa 1891, Ureno ilikodisha kipande cha ardhi hapo kwa miaka 99 ili mizigo ya himaya ya Kiingereza iliyokuja kuitwa Nyasaland iweze kupakuliwa na kupanda mto bila kutozwa ushuru wa Ureno. Eneo lilikuwa dogo na mto ulikuwa ukilila mwaka hadi mwaka. Kimbunga cha 1922 kiliuharibu mji, na mwaka uliofuata utaratibu huo ukafungwa. Chinde inanivutia kwa sababu ni mtangulizi wa jambo lililotokea kwetu.

Wabelgiji walipataje sehemu ya bandari ya Dar es Salaam na ya Kigoma?

Hapa ndipo pa kutulia. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia majeshi ya Kongo ya Kibelgiji yaliingia kutoka magharibi, yakazikalia Rwanda, Burundi na Kigoma, na yakafika Tabora Septemba 1916. Vita vilipokwisha Ubelgiji ilikuwa na ardhi mkononi ya kujadiliana nayo. Makubaliano ya 1919, yaliyofikiwa na Lord Milner kwa upande wa Uingereza na Pierre Orts kwa upande wa Ubelgiji, yaliiachia Ubelgiji Rwanda na Burundi, na sehemu nyingine ikarudi kwa Waingereza. Lakini Kongo ya mashariki, Rwanda na Burundi zilihitaji njia ya kwenda Bahari ya Hindi, na njia iliyokuwepo ni reli ya kati kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam.

Kwa hiyo tarehe 15 Machi 1921, mjini London, Uingereza na Ubelgiji zilitia saini mkataba wa kurahisisha usafirishaji wa Ubelgiji kupitia Afrika Mashariki. Mizigo ya Ubelgiji ingepita bila ushuru wa forodha, na Ubelgiji ikakodishiwa maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma, ambayo wenyewe wangeyaendesha. Kodi ilikuwa faranga 1 kwa mwaka. Muda ulikuwa milele. Mwaka 1951, kwa sababu ya upanuzi wa bandari, makubaliano mengine yalibadilisha eneo la Dar es Salaam, lakini msingi wa 1921 ukabaki.

Tanganyika wakati huo haikuwa himaya wala koloni kwa maana kamili. Ilikuwa nchi iliyokabidhiwa kwa Uingereza kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, na baada ya 1946 kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa. Nimeiweka pamoja na himaya kwa sababu swali ni lile lile: mtu ambaye nchi si yake ametoa bandari ya nchi hiyo, na ametoa kwa muda gani?

Mwalimu Nyerere alijibu nini?

Tarehe 30 Novemba 1961, siku 9 kabla ya uhuru, Julius Nyerere akiwa Waziri Mkuu alilieleza Bunge kwamba kukodisha ardhi ya Tanganyika milele ni jambo lisilopatana na mamlaka ya nchi huru, pale ambapo aliyekodisha ni mamlaka ambayo haki zake zenyewe katika Tanganyika zilikuwa za muda. Hakudai kwamba Uingereza ilidanganya, wala kwamba Ubelgiji iliiba. Alidai kwamba aliyetia saini hakuwa na kitu alichokitoa.

Wanafunzi wangu hulielewa hili haraka likielezwa kwa mambo ya nyumbani. Chukua mtu aliyeachiwa kihamba cha watoto wa ndugu yake marehemu akitunze mpaka wakue. Anaweza kulima, anaweza kuvuna ndizi, anaweza hata kumruhusu jirani apitishe mfereji msimu huu na ujao. Akimwandikia jirani huyo kwamba pembe ya kihamba ni yake milele kwa shilingi moja kwa mwaka, watoto wakikua hawatabishana kuhusu kima cha shilingi. Watauliza: wewe ulikuwa nani?

Suala hili lilienda sambamba na msimamo mpana zaidi. Desemba 1961 serikali iliuarifu Umoja wa Mataifa kwamba mikataba ya pande mbili iliyofungwa na Uingereza kwa niaba ya Tanganyika ingeendelea kutumika kwa miaka 2 ili ipitiwe upya, na baada ya hapo ile ambayo haingeendelea kwa kanuni za desturi za sheria ya kimataifa ingehesabiwa kuwa imekwisha. Wanasheria wa dunia nzima huuita utaratibu huo Msimamo wa Nyerere, na nchi kadhaa zilizopata uhuru baadaye ziliufuata au kuurekebisha. Mkataba wa bandari, hata hivyo, haukusubiri hiyo miaka miwili. Kwa serikali ya Tanganyika, haukuwa mkataba wa kurithiwa hata kidogo.

Ubelgiji ilikuwa na hoja yoyote ya maana?

Ilikuwa nayo, na si haki kuipitia juu juu. Zipo haki ambazo wanasheria huziona kuwa zimefungamana na ardhi yenyewe, kama mipaka au njia ya kupita, na haki hizo humfuata kila anayeishika ardhi hiyo, bila kujali mabadiliko ya serikali. Kwa mtazamo huo mkataba wa 1921 haukuwa ahadi ya Uingereza peke yake bali mzigo juu ya ardhi ya Dar es Salaam na Kigoma, uliowekwa kwa faida ya nchi zisizo na bahari. Kulikuwa pia na hoja ya kawaida ya biashara, kwamba fedha zilitumika kuendeleza maeneo hayo kwa kuamini neno lililoandikwa.

Hoja hiyo ilipata uzito mwingine baada ya Kongo kupata uhuru mwaka 1960, na Rwanda na Burundi mwaka 1962, kwa sababu aliyehitaji njia sasa hakuwa mkoloni bali jirani Mwafrika. Tanganyika iliyakataa maneno ya milele, lakini ilisema iko tayari kuzungumza kuhusu namna mizigo ya majirani itakavyopita. Kwa maoni yangu hapo ndipo palipokuwa na ustadi: ilitenganisha haja ya njia, ambayo ni halali, na hati iliyotumika kuipata.

Kamisheni ya Sheria ya Kimataifa iliujadili mfano huu ilipokuwa ikiandaa Mkataba wa Vienna wa 1978 kuhusu urithi wa mikataba kati ya dola. Kifungu cha 11 cha mkataba huo kinalinda mipaka, na cha 12 kinalinda baadhi ya haki zinazofungamana na ardhi, lakini kinaviacha nje vituo vya kijeshi vya kigeni. Maneno ya mkataba huo hayamalizi ubishi wa iwapo mlezi anaweza kuifunga ardhi ya mtoto milele.

Mombasa je? Ilikuwa ya nani?

Kuanzia 1895 Sultani wa Zanzibar aliikodishia Uingereza ukanda wa pwani wa maili 10, Mombasa ikiwemo, kwa pauni 11,000 kwa mwaka. Mwaka 1920 bara ya Kenya ilifanywa koloni, na ukanda ukabaki himaya, ndiyo maana jina rasmi likawa Koloni na Himaya ya Kenya. Magati ya kina kirefu ya Kilindini yalijengwa, basi, juu ya ardhi ambayo kisheria ilikuwa ya Sultani, na mzigo wa kahawa kutoka Moshi uliofuata njia ya Voi ulikuwa ukivuka koloni na kuingia himayani kabla ya kufika melini.

Uhuru wa Kenya ulipokaribia, wapo watu wa pwani waliotaka ukanda ujitenge. Uingereza ilimtuma Sir James Robertson kuchunguza mwaka 1961. Oktoba 1963 Sultani Jamshid aliachia madai yake, na Jomo Kenyatta akaandikiana barua na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, kuhusu kulinda dini, mahakama za kadhi na hati za ardhi za wenyeji. Bandari haikuhitaji msuluhishi safari hii.

Je, migogoro hii ilichukua muda mrefu kumalizika?

Ilitegemea nani anaidai. Lamu ilimalizika ndani ya miezi. Reli iliyotoka bandari ya Delagoa, Msumbiji, ambayo Ureno iliitwaa mwaka 1889 kutoka kwa wawekezaji wa Kimarekani na Kiingereza, ilipata tuzo ya wasuluhishi wa Uswisi tarehe 29 Machi 1900, na Ureno ikatakiwa kulipa faranga za Uswisi milioni 15.3 pamoja na riba. Huko nchi iliyotwaa ilikuwa ni ile ile iliyotoa ruhusa, kwa hiyo swali halikuwa kama ilikuwa na mamlaka, bali italipa kiasi gani.

Mjadala wa bandari wa 2023 unafanana na mambo haya?

Kwa sehemu ndogo. Makubaliano kati ya Tanzania na Dubai yalitiwa saini Oktoba 2022 na kuridhiwa na Bunge tarehe 10 Juni 2023. Aliyetia saini ni serikali ya nchi huru, na swali la Lamu au la 1921, yaani kama mtoaji alikuwa mwenye mali, halikuwepo kwa sura ile. Kilichofanana ni suala la muda, kwa sababu wakosoaji wengi walilalamika kwamba makubaliano hayakutaja mwisho. Mikataba ya uendeshaji iliyotiwa saini tarehe 22 Oktoba 2023 iliweka miaka 30 kwa gati namba 4 hadi 7 za bandari ya Dar es Salaam. Wapo wanaonitaka niseme kama miaka 30 ni mingi au michache. Hilo ni la wachumi.

Tuna mahakama mbili za kimataifa hapa Arusha. Zinaweza kusikiliza malalamiko ya mikataba ya namna hiyo?

Mahakama ya Afrika Mashariki hutafsiri na kusimamia Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulioanza kutumika mwaka 2000, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu husikiliza madai ya ukiukwaji wa Mkataba wa Afrika wa haki hizo. Mikataba ya 1889 au 1921 iko nje ya mlango wa zote mbili. Mgogoro wa leo kuhusu ushuru wa mizigo ya Rwanda au Burundi ikipita Dar es Salaam ni jambo tofauti, kwa kuwa nchi hizo ni wanachama wa Jumuiya, na mahali pake pa kuanzia panaweza kabisa kuwa hapa Arusha.